Mkono wa Mgeni

Afisa wa Mradi aliingia ameinama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, na alipoinua kichwa akaona cherehani inaning'inia juu yake.

"Hii ni nini?" aliuliza, akirudi nyuma hatua mbili.

"Cherehani," alijibu Mama Sare.

"Naona ni cherehani. Nauliza inafanya nini huko juu."

"Inakaa."

Jibu lilikuwa la kweli. Ilikuwa cherehani kubwa ya umeme, ya kiwandani, na mota yake ilifungwa chini ya meza. Siku zote ambazo milima ilikuwa na wingu jeusi, mashine na meza yake vilikaa huko juu. Kamba ilipita kwenye puli ya chuma iliyofungwa kwenye boriti ya kati, ikashuka hadi kwenye ndoano ya ukutani. Aliyebuni mtambo huo ni mume wa Mama Sare. Miaka kumi na minane aliendesha winchi kwenye ghala moja kubwa, mpaka ghala likaleta mashine isiyohitaji mtu. Kazi ikaondoka, yeye akabaki na jina, Winchi, na ujuzi wa kuinua vitu vizito bila kuvunja mgongo.

Mtaa wao ulikuwa bondeni. Mvua ya hatari haikunyesha kwao. Ilinyesha milimani, wao wakaletewa maji. Jua linawaka, nguo zimeanikwa, mara maji haya hapa. Ndiyo maana Muuza Mkaa, mwanamke mnene mwenye kibanda kando ya daraja la juu, alikuwa na debe lake. Akiona mto umebadilika rangi, alilipiga kwa kipande cha nondo, na kila aliyelisikia alijua ana robo saa. Watu walipandisha magodoro, unga na redio. Winchi alivuta kamba, cherehani ikapaa, na Mama Sare akapanda juu ya kitanda kushona vifungo kwa mkono mpaka maji yaondoke. Miaka sita waliishi hivyo bila kujua kwamba jambo hilo lina jina. Jina lake, walikuja kuambiwa na Mradi, ni ustahimilivu, na wao hawakuwa nao.

Basi wakajengewa. Nchi moja ya mbali, tajiri na yenye huruma, iliamua kwamba nchi dhaifu zisipojengwa zitaanguka, na zikianguka vumbi litafika kwao. Fedha zikatoka, semina zikafanyika, na mwisho wa yote hayo ukawa jukwaa la saruji ndani ya nyumba ya Mama Sare, limepakwa rangi ya bluu na kuchorwa nembo. Kule darajani kukasimikwa king'ora cha kisasa chenye betri. Nyumba ikapewa kibao mlangoni: Kaya ya Mfano Namba Saba. Tangu siku hiyo, jukwaa lilikuwa likikaliwa na mama yake Winchi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, kwa kuwa saruji ilikuwa baridi na yeye alikuwa na joto la miguu.

"Sasa sikilizeni," alisema Afisa. "Alhamisi anakuja Mgeni Rasmi. Naibu Waziri, mwenyewe, kutoka kwao. Anakuja kuona cherehani juu ya jukwaa. Akikuta jukwaa limekaliwa na Bibi na cherehani inapepea juu kama shati, nitamwambia nini mimi?"

"Mwambie jukwaa ni fupi," alisema Winchi, akiingia kutoka uani huku akijifuta mikono.

"Si fupi, bwana. Wataalamu walipima. Wastani wa maji katika bonde hili ni sentimita arobaini. Jukwaa ni hamsini."

"Na maji yenyewe yanaujua huo wastani?"

Afisa alicheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye bonde kama lile, akasoma kwa taa ya chemli, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na mbili. Ziara ikienda vizuri kungekuwa na Awamu ya Pili, na ikiharibika, yeye angerudi bondeni bila jukwaa. Kwa hiyo alivuta stuli, akakaa, akazungumza kwa upole.

"Siku moja tu. Mnaishusha, mnaiweka pale. Puli na kamba naondoka navyo, navihitaji kwenye meza ya maonyesho. Tuna sehemu inaitwa Mbinu za Zamani. Debe la Muuza Mkaa limeshaingia."

"Mbinu za zamani?" Winchi aliitazama puli yake. "Nimeitia grisi juzi."

"Ni lugha tu ya maonyesho, kaka."

Mama Sare hakucheka. Kitandani kulikuwa na vitambaa vya sare mia moja na ishirini za shule, zilizotakiwa Jumatatu asubuhi, na sabini tu ndizo zilikuwa zimekamilika. Zilikuwa oda yake ya kwanza kubwa tangu aanze kushona, na mwalimu mkuu alikuwa amesema zikitoka safi, basi shule ni yake kila mwaka.

"Afisa, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini cherehani hii ikilowa, mimi si fundi tena. Nitakuwa mwanamke mwenye uzi."

"Kuna king'ora, dada. Kinasikika kilomita tatu."

Hapo ndipo Bibi alipoingilia, na Bibi akiingilia jambo hapakuwa na rufaa. "Ishusheni," alisema. "Mgeni hakaribishwi nyumba vitu vinaning'inia. Atadhani tunahama. Na mimi sikumlea mtoto wa kunitia aibu mbele ya watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ikashushwa. Afisa alifungua puli kwa spana ya Winchi mwenyewe, akaitia ndani ya mfuko pamoja na kamba. Kisha akawapanga mstari, akatoka nje, akaingia tena kama Mgeni Rasmi.

"Mgeni akinyoosha mkono, mnaupokea kwa mikono miwili. Mnainama kidogo. Mnatabasamu. Picha inapigwa hapo hapo. Tujaribu."

Winchi alitoa mkono mmoja. Bibi akampiga kofi jepesi begani.

"Mkono mmoja unampa mdai! Mgeni unampa miwili. Rudia."

Alirudia mara tatu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mpaka mama yake akaridhika.

*

Alhamisi asubuhi umeme ulikatika, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote isipokuwa Afisa. Uwanja wa shule, ulio juu kidogo ya bonde, ulikuwa umejaa viti na turubai, lakini spika hazikutoa hata kikohozi. Jenereta ya jirani ilikuwa na hitilafu. Jenereta ya pili ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesafiri. Saa tatu na nusu, msafara ukiwa umeshaonekana barabarani, Afisa alikumbuka kwamba mtaa mzima ulikuwa na betri moja tu iliyojaa, nayo ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya king'ora.

Alitazama juu. Hakukuwa na hata wingu la kusingizia.

"Ni kwa saa mbili tu," alimwambia dereva. "Kaifungue."

Muuza Mkaa naye hakuwepo darajani. Alikuwa amekaa mstari wa mbele uwanjani, kwenye fulana mpya iliyombana, kwa sababu Mradi ulikuwa umempa cheo: Mratibu wa Tahadhari za Mapema. Mbele yake, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, debe lake lilikuwa limefungwa kikaratasi: Mbinu za Zamani, Na. 3. Puli ya Winchi ilikuwa Na. 4. Alilitazama debe kwa muda, akatamani kuligonga kidogo tu alisikie, lakini mlinzi alimwambia maonyesho hayaguswi.

Nyumbani, familia ilikuwa imekaa tayari. Winchi alivaa shati lake la harusini, ambalo sasa lilikataa kufunga kifungo cha tumbo. Cherehani ilikuwa juu ya jukwaa, imefutwa vumbi, na sare sabini zilikunjwa vizuri kando yake. Kutoka uwanjani sauti ya spika iliwafikia safi kabisa, maana betri ya king'ora ilikuwa betri nzuri. Mgeni Rasmi alisema maneno machache kwa lugha yake, na mkalimani akayafanya mengi.

"Nchi yetu imejifunza," alisema mkalimani, "kwamba usalama wa nyumba yetu unaanzia kwenye nyumba zenu. Ndiyo maana sera yetu ya mambo ya nje haiishii mipakani. Kaya moja ikistahimili hapa, watu wetu wanalala kwa amani kule!"

Makofi yakapigwa.

"Kwani sisi tunawanyima usingizi?" Bibi aliuliza.

"Ni hotuba tu, Mama," alisema Winchi.

"Basi waambie walale. Mimi sina ugomvi na mtu."

Mama Sare hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama kandambili yake ya kushoto, iliyokuwa imeondoka mlangoni na kuja polepole hadi katikati ya chumba, peke yake.

"Baba," alimwita mumewe kwa sauti ndogo. "Maji."

Winchi aliruka. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukutani, kwenye ndoano, kama ulivyokwenda miaka sita, na ukakuta ndoano tupu. Akaishika hiyo ndoano hivyo hivyo. Mama Sare alisema baadaye kwamba hakuwahi kuona mtu amesimama vile ila msibani.

"Tahadhari za mapema," mkalimani alikuwa anasema huko juu, "ndiyo moyo wa mradi huu!"

Maji yalipofika magotini, wastani ulipita bila kupiga hodi. Yakapanda kwenye jukwaa, yakalamba miguu ya meza, yakaelekea kwenye mota. Nje, uchochoro ulikuwa umegeuka mto. Kutoka na mzigo ule haikuwezekana. "Shika kwako," alisema Winchi. Mume akashika upande huu, mke upande ule, wakaibeba meza na cherehani na mota yake mpaka usawa wa kifua, wakasimama. Bibi alizikusanya sare zote sabini kwenye shuka, akajitwika kichwani. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni.

"Tutasimama mpaka lini?" aliuliza Mama Sare.

"Mpaka yaondoke. Nusu saa. Ukichoka sema."

"Nikichoka nikisema, utafanya nini?"

Winchi akaiinua pembe yake juu kidogo.

*

Uwanjani habari zilifika kwa mayowe, na Afisa aliomba ziara iahirishwe. Ni Mgeni Rasmi aliyekataa. Alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi, na nia yake ilikuwa njema. Hilo lisemwe wazi. Alisema, kupitia mkalimani, kwamba hakusafiri saa kumi na moja angani kuja kuona jukwaa kavu. Akavua viatu, akampa msaidizi wake, akaingia majini. Nyuma yake wakaingia wapiga picha, wakiinua kamera juu ya vichwa.

Mlango ulipofunguka, familia iligeuza nyuso pamoja. Mikono ya Mama Sare ilikuwa inatetemeka mpaka mkasi uliokuwa juu ya meza ukawa unalia. Winchi alikuwa amechoka zaidi, kwa kuwa mota ilikuwa upande wake, na pembe yake ya meza ilikuwa imeanza kushuka.

"Hivyo hivyo!" Afisa alipiga kelele kutoka nyuma kabla hajajua anasema nini. "Msisogee! Hivyo hivyo!"

Kamera zikalia. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote ambazo Mradi uliwahi kuota.

Mgeni Rasmi hakuzitazama kamera. Alisogea mpaka karibu kabisa na Winchi, maji yakiwa mapajani mwake, akanyoosha mkono.

Winchi aliuona mkono. Akautazama, akaitazama meza, akamtazama mama yake.

"Mwanangu!" Bibi alisema kwa mnong'ono mkali, shuka la sare kichwani. "Mkono wa mgeni!"

Akaachia mkono wa kulia. Kisha, maana alirudia mara tatu na mwili ulikuwa umeshika somo, wa kushoto ukaufuata. Ilikuwa nusu ya pumzi tu, alidhani ataiwahi. Meza ikainama upande wake. "Baba!" alipiga kelele Mama Sare, akaivutia kifuani kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini chuma hakina huruma. Meza ikamponyoka, ikaangukia pembe ya jukwaa la bluu, cherehani ikagonga saruji kwa mlio ambao fundi yeyote angeujua hata akiwa usingizini, na vyote vikazama.

Winchi alikuwa ameushika mkono wa Mgeni Rasmi kwa mikono miwili. Alikuwa ameinama kidogo. Alikuwa anatabasamu. Picha ikapigwa hapo hapo.

Mgeni Rasmi alitoa sauti, na watu wakamgeukia mkalimani, lakini mkalimani alinyamaza. Halikuwa neno la lugha yoyote.

*

Fundi wa cherehani alikuja Jumamosi, akachutama mbele ya mashine kwa muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Mota ningekukaushia," alisema. "Lakini kichwa kimepasuka, dada yangu. Hiki ni chuma cha kumwaga, hakiungiki. Ukikichomea, kitakucheka."

"Hakuna namna?"

"Namna ipo. Nunua nyingine."

Alikataa hata nauli yake, na Mama Sare akajua kutokana na hilo kwamba kweli hakuna namna.

Shule ilimpa fundi mwingine vitambaa vilivyobaki, yule mwenye duka karibu na benki. Huyo naye alizidiwa, akatafuta wa kumshonea vifungo na kupinda pindo kwa mkono, akampata Mama Sare. Hivyo siku zilizofuata alikaa kitandani akitia vifungo kwenye mashati ya oda yake mwenyewe, na kila jioni fundi wa karibu na benki aliyahesabu mbele yake, vifungo pia, kisha akamwambia ajitahidi kunyoosha mkono.

Winchi alitafuta maneno siku tatu. Siku ya nne akasema, "Nilidhani nitaiwahi."

"Ningekuwa mimi niko juu ya hiyo meza," Mama Sare aliuliza bila kuinua macho kwenye sindano, "ungeniachia?"

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Nauliza tu. Maana mgeni ni mgeni."

Bibi alisikia. Tangu Alhamisi ile alikuwa hajakaa tena kwenye jukwaa. Alikaa chini, kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu mkwe wake aolewe, hakuwa na maoni juu ya chumvi.

*

Baada ya mwezi na nusu Afisa alirudi, na fomu mkononi. Alikataa kiti. Alikubali chai, akaiacha ipoe.

"Mali ya uzalishaji?" aliuliza, akijua.

"Andika hakuna," alisema Mama Sare.

Aliandika. "Basi mmetoka kwenye Kaya za Mfano. Sasa mko Daraja A." Alikohoa. "Daraja A ni kaya dhaifu zaidi."

"A?" alisema Winchi. "Shuleni sikuwahi kuipata."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Kuna habari nyingine," Afisa alisema. "Awamu ya Pili imepitishwa. Mgeni Rasmi, ile asubuhi, kabla ya... kabla, alipita kwenye meza ya maonyesho. Akaiona puli yako. Akauliza kazi yake, nikamweleza. Aliipenda mno. Amewaambia wakubwa wake kwamba hilo ndilo jambo la maana aliloliona safari nzima. Sasa nyumba mia mbili zitawekewa puli. Mpya, za kisasa, na nembo."

Mama Sare aliweka sindano chini. "Na sisi?"

Afisa alitazama chai yake. "Puli ni kwa kaya zenye mali ya kuinua, dada. Ninyi kwa sasa hamna cha kuinua." Akaongeza haraka, "Lakini Winchi tunamhitaji. Wataalamu wa puli watafundisha, yeye ataonyesha. Kuna chakula cha mchana na nauli."

"Nauli ya wapi? Mnafundishia uchochoro wa pili."

"Ipo kwenye bajeti."

Mama Sare alisimama. Alikuwa mwanamke mpole, lakini upole nao una mwisho wake. "Huyo mama yenu," alisema, "aliyeona kila kitu kwa macho yake. Alisema nini kuhusu cherehani yangu?"

Afisa aliweka fomu chini. Akatoa bahasha mfukoni, iliyokwishakunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Aliniandikia. Alitaka kuwanunulia nyingine. Sheria za kwao haziruhusu. Zinamruhusu kuisaidia nchi. Mtu mmoja mmoja, hapana, itakuwa upendeleo." Akaifungua barua, lakini hakuisoma, alikuwa anaijua. "Na ameandika jambo lingine. Anasema halali vizuri. Anasema hakuwa anakusalimia, Winchi. Aliona upande wako unazama. Alinyoosha mkono ashike meza."

Nje mtu alikuwa anamwita mtoto wake arudi, mara ya pili, mara ya tatu.

"Ashike meza?" Winchi aliuliza.

"Ndivyo alivyoandika."

"Lakini wageni wote waliokuja hapa..." Winchi alianza, akahesabu kichwani wageni wa Mradi, wa kufungua jukwaa, wa kukagua jukwaa, wa kupiga rangi jukwaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kitu. "Tulifundishwa mkono wa mgeni ni wa kupokea."

"Niliwafundisha mimi," alisema Afisa. Kwa mara ya kwanza hakuongea kama afisa.

Bibi aliinuka kwenye mkeka, akashikilia ukuta, akatoka nje bila kuvaa viatu. Walimsikia uani akimwaga maji ambayo hayakuwa na haja ya kumwagwa.

"Nitakuja kuonyesha," Winchi alisema mwishowe. "Chakula chenu kaeni nacho, na nauli. Nataka puli yangu. Na debe la yule mama wa mkaa."

"Vimeorodheshwa, kaka. Ni mali ya maonyesho."

"Basi mimi pia nipeni namba, niweke mezani."

Wiki iliyofuata Afisa alikuja kwa miguu, bila gari la Mradi, na gunia begani. Alilitua mlangoni, akasema hajaleta kitu, akaondoka. Ndani, puli na debe vilikuwa bado vimefungwa vikaratasi vyao, na debe likarudi darajani. Winchi aliipandisha puli kwenye boriti, akaitia grisi, akapitisha kamba. Hakuna aliyemuuliza ya nini.

*

Siku debe lilipolia tena, jua lilikuwa linawaka. Betri ya king'ora ilikuwa imerudishwa kwenye nguzo, lakini ilikuwa haijachajiwa tangu siku ya hotuba. Muuza Mkaa, aliyekwishavuliwa uratibu kwa kosa la kutokuwepo kituoni, aliligonga debe kwa ghadhabu ya mtu aliyenyimwa haki yake, na bonde zima likaamka. Magodoro yakapanda. Redio zikapanda. Kwenye nyumba zilizopata puli mpya zenye nembo, watu walivuta.

Winchi alikuwa ameshaishika kamba kabla hajafikiri. Kisha akafikiri. Akabaki amesimama, mwisho wa kamba ukining'inia mbele yake, hauna kitu.

Bibi alitoka kwenye kona na kapu lake la sokoni. Ndani alikuwa amepanga mkasi wa mkwe wake, sindano, makopo ya vifungo, uzi, na mashati arobaini ya watu ambayo yalitakiwa jioni ile. Akalifunga kwenye kamba kwa mafundo matatu, akayajaribu moja moja kwa meno.

"Vuta, mwanangu," alisema.

Winchi akavuta. Kamba ilikuja nyepesi, nyepesi mno kwa mikono yake, na Mama Sare, aliyekuwa anapanda kitandani, aligeuza uso ukutani ili asiione.

"Sasa shika hapo," alisema Bibi. "Hata akija nani, usiachie. Hata akija nani." Akamshika begani. "Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

Mlango ukagongwa wakati huo huo. Alikuwa Afisa, na nyuma yake kijana mrefu, mtaalamu mpya wa puli kutoka ng'ambo, aliyekuja kwa mafunzo na ambaye alikuwa amesikia kwamba puli ya asili ilikuwa katika nyumba hii. Uso wake ulijaa furaha kwa kuikuta ikifanya kazi. Akavuka kizingiti pamoja na maji ya kwanza, akanyoosha mkono.

"Karibu," alisema Winchi. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kamba.

Mkono wa mgeni ukabaki hewani. Winchi hakumtazama mama yake, na mama yake hakusema neno. Ni Mama Sare aliyeongea, kutoka kitandani.

"Afisa, muulize. Huo mkono ni wa kusalimia, au ni wa kushika?"

Afisa alisita, kisha akauliza. Alichukua muda, alitaka aulize sawasawa. Mgeni alisikiliza kwa makini, akautazama mkono wake, akalitazama kapu lililoning'inia, akaurudisha mkono mfukoni, akatoa daftari. Akaandika mistari miwili.

"Anasema nini?" aliuliza Bibi.

"Anasema," Afisa alijibu, "ni swali zuri sana."

Maji yalikuwa yameshafika kwenye jukwaa.